Pango la miaka 99 au 999? Ardhi ya Taji na mashamba ya walowezi nchini Kenya

Mjukuu wa Njoro aliuliza:

Nawasalimu wote, wakubwa kwa wadogo.

Nimezaliwa na kukulia Njoro, na tangu utotoni nimewasikia wazee wetu wakilisema jambo moja bila kusita: kwamba Wazungu hawakuuziwa ardhi ya Bonde la Ufa bali walikodishiwa na Wamaasai kwa miaka 99, na kwamba kufikia mwaka 2004 muda huo ulikuwa umekwisha, kwa hiyo kila shamba kubwa lililosalia mikononi mwa vizazi vya walowezi lilipaswa kurudi kwa wenyewe. Bibi yangu, ambaye baba yake alichunga ng'ombe wa setla mmoja upande wa Mau Narok, aliihesabu miaka hiyo kama mtu anavyohesabu siku za mfungo, na alifariki akiamini kwamba deni limeiva na mdaiwa amekataa kulipa.

Mwezi uliopita wajomba zangu walinikabidhi bahasha ya makaratasi ya shamba letu dogo, ambalo babu alilipata kupitia skimu ya makazi baada ya uhuru, ili niyapange vizuri. Ndani yake nimekuta nakala iliyochakaa ya hati ya zamani, ile ya shamba kubwa lililokatwa kuwa skimu hiyo. Hati inasema kwamba shamba lilipangishwa kwa miaka 999, si 99, na anayetajwa kuwa mwenye ardhi ni Taji la Uingereza, yaani utawala wa kifalme wa Uingereza. Jina la Wamaasai halimo popote, wala la kabila lingine lolote.

Naomba wenye ujuzi wanisaidie. Je, wazee wetu walikosea, au hati hii ndiyo inayoficha jambo? Serikali iliyokuwa na miaka michache tu katika nchi hii ilipata wapi mamlaka ya kumpangisha mtu ardhi kwa karibu miaka elfu moja? Na kwa nini ilipangisha badala ya kuuza, ilhali mchukuaji alikuwa mtu wa upande wake?

Mpimaji Mstaafu alijibu:

Mjukuu, nimefanya kazi ya upimaji wa ardhi kwa zaidi ya miaka 30, na hati kama hiyo uliyoikuta nimezishika nyingi. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu ukikatiwa jibu fupi utabaki pale pale alipobaki bibi yako, Mungu amrehemu.

Wazee hawakuzua. Walichanganya karatasi mbili ambazo zilitokea wakati mmoja na kuhusu ardhi ile ile, lakini ambazo kisheria hazikuwahi kukutana. Karatasi ya kwanza ni mkataba wa Agosti 1904 kati ya Wamaasai, wakiongozwa na laiboni (kiongozi wao wa kiroho) Olonana, na Kamishna Sir Donald Stewart, mkuu wa utawala wa Waingereza hapa. Katika mkataba huo Wamaasai walikubali kuhama sehemu za Bonde la Ufa zilizokuwa karibu na reli na kwenda katika maeneo mawili, moja Laikipia kaskazini na jingine kusini, na wakaahidiwa kwamba makubaliano hayo yangedumu kadiri taifa la Wamaasai litakavyokuwepo. Hakuna idadi ya miaka ndani yake, na hakuna pango wanalolipwa Wamaasai. Kwa hiyo haukuwa mkataba wa kupangisha hata kidogo, na hapo ndipo uchungu wenyewe ulipo, kwa maana mpangishaji ana siku ya kurudishiwa mali yake, lakini Wamaasai hawakuandikwa kuwa wapangishaji wa chochote.

Karatasi ya pili ni ile ya mlowezi, na hiyo ilikuwa kati yake na serikali peke yao. Mfano unaojulikana zaidi uko kwenu hapo hapo Njoro. Lord Delamere alipewa ekari 100,000 mwaka 1903 kwa pango la miaka 99, kwa malipo ya pauni 200 kwa mwaka, na kwa sharti la kutumia pauni 5,000 kuliendeleza shamba katika miaka mitano ya kwanza. Angalia tarehe kwa makini: pango hilo lilitolewa mwaka mmoja kabla ya mkataba wa Wamaasai. Miaka 99 ambayo bibi yako aliihesabu ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa miaka ya Delamere na serikali, na kama ingekwisha, ardhi ingerudi kwa serikali.

Sasa, serikali ilipata wapi mamlaka? Jibu ni kwamba ilijipa, na ilijipa hatua kwa hatua. Uingereza ilipotangaza himaya yake Afrika Mashariki mwaka 1895, haikudai mara moja kwamba ardhi yote ni yake, kwa sababu kwa sheria ya wakati ule kuwa chini ya himaya hakukumaanisha kwamba ardhi imehamia kwa Malkia. Kanuni za 1897 ziliwaruhusu wageni kupata vyeti vya kukalia ardhi kwa miaka 21 tu mwanzoni, na walowezi wenye fedha walivikataa, wakisema benki haiwezi kumkopesha mtu kwa cheti dhaifu namna hiyo. Mwaka 1899 wanasheria wa serikali kule London wakatoa maoni kwamba katika nchi ambayo kwa macho yao haikuwa na dola iliyoimarika, Taji lingeweza kuitawala na kuigawa ardhi isiyo na mtu. Mwaka 1901 amri ikatolewa ya kuiweka ardhi ya Taji mikononi mwa Kamishna, na mwaka 1902 ikafuata Sheria ya Ardhi ya Taji, iliyomruhusu kuuza hadi ekari 1,000 kwa mtu mmoja au kupangisha kwa muda usiozidi miaka 99.

Ukiisoma sheria hiyo ya 1902 haraka haraka unaweza kuisifu. Inasema kwamba haki na mahitaji ya wenyeji yazingatiwe, na kwamba Kamishna asiuze wala asipangishe ardhi ambayo wenyeji wanaikalia kwa hakika. Lakini nakuomba uyapime maneno hayo, "kuikalia kwa hakika". Mfugaji anayehamisha mifugo kufuata mvua hakuwa akiikalia kwa hakika malisho aliyoyaacha yapumzike. Mkulima aliyeacha konde lake lirudishe rutuba hakuwa akilikalia. Mtu aliyekimbia ndui na njaa hakuwa akipakalia alipotoka. Kisha kuna kifungu kilichoruhusu eneo zima lipangishwe hata kama ndani yake mna vijiji: vijiji hivyo vilihesabiwa kuwa nje ya pango kwa muda wote ambao wenyeji walikuwa bado wanavikalia, lakini mara tu walipoondoka, ardhi yao ilimwangukia mpangaji bila malipo mengine na bila hati mpya. Fikiria maana yake. Mlowezi alipewa sababu ya kutamani jirani yake ahame, na sheria ikamwahidi kwamba akihama, shamba litakua. Katika kazi yangu nimekutana na vifungu vingi vibaya, lakini sijaona kingine kilichofanya madhara makubwa kwa maneno machache kiasi hicho.

Kuhusu kupangisha badala ya kuuza, sababu kubwa ilikuwa reli. Njia ya reli kutoka Mombasa ilifika ziwani mwishoni mwa 1901, ikiwa imegharimu zaidi ya pauni milioni 5 za walipa kodi wa Uingereza, nayo haikuwa na mizigo. Mwaka 1902 mkoa wa mashariki wa Uganda, uliojumuisha Naivasha na Kisumu, ukahamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki ili reli na nyanda zake ziwe chini ya utawala mmoja, na Kamishna Sir Charles Eliot akaamua kwamba walowezi wa Kizungu ndio watakaozalisha mizigo hiyo. Wakubwa wa London waliafiki, lakini waliogopa walanguzi, yaani watu wa kuchukua ardhi kwa bei ya bure, kukaa bila kulima, na kuuza thamani itakapopanda. Pango lilikuwa kamba ya kumshikia mtu huyo, kwa kuwa asiyeendeleza shamba angeweza kunyang'anywa, na serikali ingeweza kulipandisha pango kadiri ardhi ilivyopanda thamani. Walowezi walitaka kinyume chake, na waliupigania umilikaji huru, yaani kuimiliki ardhi bila kikomo cha muda, kwa miaka mingi katika kila kamati waliyopata kuingia. Eliot mwenyewe alijiuzulu mwaka 1904 kwa ugomvi na Waziri wa Mambo ya Nje kuhusu nani apewe eneo lipi.

Sheria mpya ya Ardhi ya Taji, ya mwaka 1915, ilikuwa suluhu ya mvutano huo, na hati yako inatoka humo. Walowezi walipata miaka 999, ambayo kwa binadamu haitofautiani na milele, na wenye hati za miaka 99 wakaruhusiwa kuzibadilisha. Serikali ilibaki na haki ya kulipitia upya pango mwaka 1945 na kila baada ya miaka 30. Lakini sheria hiyo hiyo ilifanya jambo kubwa zaidi, ambalo halikuwahusu walowezi peke yao: ilipanua maana ya ardhi ya Taji ikajumuisha ardhi yote inayokaliwa na makabila ya wenyeji, na hata ile iliyotengwa kwa matumizi yao. Mwaka 1902 ardhi ya mwenyeji ilikuwa walau nje ya pango alipokuwa juu yake. Kuanzia 1915 alikuwa juu ya ardhi ya Taji hata akiwa nyumbani kwake.

Mwalimu wa Narok alijibu:

Namshukuru Mzee Mpimaji kwa kutenganisha karatasi zile mbili, kwa sababu wanafunzi wangu huniuliza swali hilo kila mwaka. Naomba niongeze yaliyofuata, kwa kuwa mkataba wa 1904 uliopaswa kudumu daima haukufikisha hata miaka kumi.

Laikipia ilikuwa malisho mazuri mno kuachwa kwa wafugaji wa Kiafrika, na kabla ya muda mrefu walowezi wakaanza kuitamani. Mwaka 1911, chini ya Gavana Sir Percy Girouard, mkataba wa pili ulitiwa saini, na Wamaasai wa kaskazini wakatakiwa kuhamia kusini pamoja na mifugo yao. Uhamaji ulianza, ukasimama, ukaanza tena, na ulikamilika mwaka 1913 kwa mateso makubwa ya watu na mifugo katika njia za baridi za Mau. Kiongozi wa Wamaasai wa kaskazini, Parsaloi ole Gilisho, alipinga, na kesi ikafunguliwa mahakamani mwaka 1913 kwa jina la ole Njogo na wenzake, wakidai kwamba mkataba wa 1904 ulikuwa bado hai na kwamba ule wa 1911 haukuwafunga.

Mahakama haikuamua nani mwenye haki. Ilisema kwamba mikataba ile ilikuwa ya kimataifa, baina ya Taji na watu walio nje ya Uingereza, na kwa hiyo mahakama ya nchi haikuwa na uwezo wa kuisikiliza. Rufaa nayo ikatupwa mwaka huo huo. Nataka Mjukuu aone ugumu wa jambo hili, maana hata leo linanikera ninapolifundisha. Kwa ajili ya kupangisha ardhi, Wamaasai walihesabiwa kuwa watu wasio na dola, kwa hiyo ardhi yao ilikuwa tupu na Taji lingeweza kuichukua. Kwa ajili ya kushtaki, walihesabiwa kuwa taifa la kigeni lenye uwezo wa kufunga mkataba na mfalme, kwa hiyo mahakama haikuweza kuwasaidia. Serikali ile ile iliwaona kwa sura mbili zinazopingana, na kila sura ilitumika pale ilipowanyima.

Mwaka 2004, ulipotimia mwaka wa 100, Wamaasai waliandamana Laikipia na Nairobi wakidai ardhi irudi. Jibu la serikali lilisimama juu ya hati za mashamba, ambazo hazikuwa zimeisha muda. Kwa makaratasi ya walowezi hilo lilikuwa kweli. Lakini waandamanaji walikuwa wakizungumzia ahadi waliyopewa wao, na ahadi hiyo haikujibiwa.

Mjukuu wa Njoro:

Shikamooni wazee wangu. Nimeyasoma mara mbili. Naomba kuuliza jambo moja zaidi: baba wa bibi yangu alikaa katika shamba la setla, akiwa na mke, mbuzi na kipande cha kulima mahindi. Yeye alihesabiwa kuwa nani mbele ya hati hii? Alikuwa mpangaji wa mpangaji?

Mkulima wa Limuru alijibu:

Hakuwa hata hivyo, ndugu yangu. Mpangaji wa mpangaji angekuwa na haki fulani mahakamani. Sheria ya mwaka 1918 ya wenyeji wakaazi iliamua kwamba Mwafrika anayekaa katika shamba la Mzungu akae kwa mkataba wa kazi, akiwajibika kufanya kazi angalau siku 180 kwa mwaka, na hakuruhusiwa kulipa pango la fedha badala ya jasho lake. Waliotunga sheria walijua kwamba mtu akilipa pango huanza kudai haki ya mpangaji. Kwa hiyo mlowezi alilipa senti chache kwa ekari, naye Mwafrika akalipa nusu ya mwaka wake, na jina lake lilikuwa skwota.

Kwetu Kiambu hadithi ilianza kwa njia nyingine. Sisi tulikuwa na utaratibu wa umiliki uliokamilika. Kila mbari, yaani ukoo, ilikuwa na githaka yake, yaani ardhi ya ukoo, yenye mipaka ya miti na mito, na waliokuja kuomba mahali pa kulima waliitwa ahoi, wakikaa kwa ridhaa ya wenye githaka. Mwishoni mwa karne ya 19 tulipigwa kwa pamoja na maradhi ya ng'ombe, nzige, ndui, na njaa kuu ya 1898 na 1899, na watu wengi wa kusini mwa Kiambu wakarudi Murang'a kwa jamaa zao wakisubiri mambo yatulie. Waliporudi waliwakuta walowezi. Makonde yalikuwa yamemea vichaka, na vichaka hivyo ndivyo vilivyoitwa ardhi tupu katika vitabu vya serikali.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 kesi ya mipaka baina ya Wakikuyu wenyewe, iliyofunguliwa na Isaka Wainaina, ilifika kwa Jaji Mkuu Barth. Jaji alisema kwamba sheria ya 1915, pamoja na tangazo la 1920 la kuifanya Kenya koloni, zimefuta haki zozote ambazo wenyeji walikuwa nazo katika ardhi, na kwamba sasa wote walikuwa wapangaji wa Taji wanaoweza kuondolewa kwa hiari yake. Tafadhali soma tena maneno hayo. Mlowezi alikuwa mpangaji wa Taji kwa miaka 999, na mwenye githaka, aliyezikwa baba yake pale, alikuwa mpangaji wa Taji kwa siku moja moja. Hukumu hiyo ilizagaa haraka, na wengi wetu tunaamini kwamba siasa za vyama nchini Kenya zilizaliwa katika uchungu wake.

Binti wa Kilifi alijibu:

Niruhusuni nichangie kidogo kutoka pwani, kwa sababu huku Taji lenyewe lilikuwa mpangaji. Ukanda wa maili kumi ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, na kwa mapatano ya Desemba 1895 Waingereza walimlipa pauni 17,000 kwa mwaka, ambazo kati yake 11,000 zilikuwa pango. Malipo hayo ndiyo yaliyowafanya wasiweze kutangaza pwani yote kuwa ardhi yao kama walivyofanya bara.

Badala yake walileta sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908, iliyomtaka kila mwenye kudai ardhi ajitokeze na uthibitisho mbele ya msajili, na isiyodaiwa ikawa ya Taji. Waliokuwa na hati na mashahidi wa mjini walidai na wakapata. Wamijikenda, ambao umiliki wao ulikuwa katika ukoo, katika minazi na makaburi, hawakutambuliwa kwa njia hiyo, na wengi wakawa maskwota katika ardhi waliyozaliwa. Mpaka leo kwetu kuna familia zinazomlipa mtu asiyewahi kulifikia shamba lake. Kwa hiyo, Mjukuu, usidhani kwamba mambo yangekuwa bora kama makaratasi yangedaiwa mapema. Huku watu waliulizwa kuhusu ardhi yao, na waliulizwa kwa lugha ya karatasi ambayo hawakupewa nafasi ya kuijua.

Mwanakijiji wa Usa River alijibu:

Salamu kutoka ng'ambo ya mpaka. Nafuatilia mjadala huu kwa sababu Tanganyika nayo ilipitia njia inayofanana, ingawa jina la mwenye ardhi lilibadilika. Wajerumani kwa amri ya Novemba 1895 waliitangaza ardhi isiyo na mwenyewe kuwa ya Taji lao, wakaiuza na kuipangisha kwa mashamba ya mkonge na kahawa, hasa Tanga, Usambara na chini ya Kilimanjaro. Waingereza walipokuja, kwa kuwa nchi ilikuwa chini ya udhamini wa Shirika la Mataifa, hawakuweza kuiita koloni. Sheria yao ya 1923 iliita ardhi yote ardhi ya umma chini ya Gavana, na mlowezi akapewa haki ya kuikalia kwa muda usiozidi miaka 99. Miaka 999 haikuwahi kuingia kwetu.

Lakini nisije nikaonekana kuusifu mfumo huo. Mwaka 1951 takriban watu 3,000 wa Meru waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki, nyumba zikachomwa, ili eneo hilo lipangishiwe wafugaji wa Kizungu. Kilichotofautiana ni mlango wa kulalamikia. Kwa sababu ya udhamini, Wameru waliweza kumtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa mwaka 1952, akasimama mbele ya wajumbe wa dunia na kueleza yaliyowapata watu wake. Ole Gilisho hakuwa na mlango kama huo.

Baada ya uhuru serikali yetu mwaka 1963 iliubadilisha umilikaji huru wote kuwa pango la serikali la miaka 99, na mwaka 1969 pango hilo nalo likageuzwa kuwa haki ya kukalia ardhi. Dhana ya kwamba serikali ni mwenye ardhi na raia ni mkaazi kwa muda iliachwa na mkoloni, na sisi tuliiendeleza kwa nia tofauti. Kwangu mimi hilo ni swali gumu kuliko la miaka 99 au 999, na sidhani tumelizungumza vya kutosha.

Mpimaji Mstaafu alijibu tena:

Nakubaliana na ndugu wa Usa River, na nitamalizia sehemu iliyobaki ya swali, yaani hati yako ilifikaje ndani ya bahasha ya babu yako.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza serikali iliwagawia mashamba askari wa Kiingereza waliorudi vitani, kwa mpango wa 1919, na mashamba yakagawiwa kwa kura, ilhali Waafrika waliobeba mizigo ya vita hiyo hawakupewa hata eka moja. Sehemu ya ardhi iliyotumika ilichukuliwa kutoka kwa Wanandi. Tume ya Ardhi ya Sir Morris Carter ilisikiliza malalamiko ya wenyeji kuanzia 1932, na matokeo yake yalikuwa ni kuifunga mipaka zaidi, kwani amri ya 1939 ilizitenga rasmi Nyanda za Juu, kiasi cha maili za mraba 16,700, kwa ajili ya Wazungu. Mwafrika hakuweza kununua wala kupanga humo hata akiwa na fedha mkononi, kwa kuwa tangu 1915 Gavana alikuwa na kura ya turufu juu ya kila mapatano ya ardhi baina ya watu wa rangi tofauti.

Kizuizi hicho kiliondolewa mwaka 1960, uhuru ulipokuwa ukikaribia, na mwaka huo huo zikatoka kanuni za kuwawezesha wenye pango la miaka 999 kulibadilisha kuwa umilikaji huru. Kisha ikaja skimu ya ekari milioni moja, ambayo bila shaka ndiyo iliyompa babu yako shamba. Serikali ilinunua mashamba kutoka kwa walowezi kwa mikopo ya Uingereza na Benki ya Dunia, ikayakata, ikawagawia Waafrika, na Waafrika wakalipa mkopo huo kwa miaka mingi. Naomba nilieleze hili bila kuficha, kwa kuwa niliwahi kupima baadhi ya mashamba hayo na nikawaona wazee wakija na risiti zao. Mtu aliyepewa ardhi kwa pango dogo la serikali alilipwa kama mwenye mali, na mtu ambaye ukoo wake uliondolewa hapo alilipia kurudi. Ni haki babu yako kuheshimiwa kwa risiti hizo kuliko kwa hati yoyote nyingine iliyomo katika bahasha.

Sheria ya 1915 yenyewe iliendelea kutumika kwa jina la Sheria ya Ardhi za Serikali hadi mwaka 2012. Katiba ya 2010 ndiyo iliyoigusa miaka 999: asiye raia wa Kenya hawezi tena kuwa na umilikaji huru, wala pango linalozidi miaka 99, na kila pango refu la asiye raia liligeuzwa kuwa la miaka 99 kuanzia siku Katiba ilipoanza kutumika, yaani Agosti 27, 2010. Mzao wa mlowezi ambaye ni raia hakuguswa na kifungu hicho. Kwa hiyo kwa baadhi ya mashamba miaka 99 aliyoihesabu bibi yako ipo kweli, ila hesabu yake imeanza 2010 na inaishia 2109, na mwisho wake ardhi inarudi kwa Jamhuri.

Kama unataka kufika kwenye chanzo, tazama juu ya ile hati ya zamani utakuta namba ya shamba. Iandike vizuri, uende nayo Idara ya Upimaji kule Ruaraka uombe ramani ya shamba kabla halijakatwa, kisha uende Nyaraka za Taifa, Nairobi, uulizie majalada ya wilaya ya Nakuru ya miaka ile. Majalada ya wilaya mara nyingi yanaeleza nani alikuwa akikaa pale siku mlowezi alipofika.

Mjukuu wa Njoro:

Asante sana, Mzee. Namba nimeiona, iko pembeni kwa wino wa buluu. Nitaondoka na gari la alfajiri Jumatatu, na nimemwomba mjomba mkubwa twende pamoja, kwa sababu yeye ndiye anayeyakumbuka majina ya mito na vilima yaliyotumika kabla ya majina yaliyoandikwa katika ramani.